Kuolewa, Kupandwa au Kuhimilishwa? Historia ya Istilahi za Uzazi wa Malkia wa Nyuki

Mzee mmoja wa Toangoma, upande wa Temeke, mkulima wa mikorosho na mwenye mizinga sita nyuma ya nyumba yake, alipata kutuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mkononi alikuwa na kijitabu kidogo cha ufugaji nyuki ambacho sisi wenyewe tulishiriki kukifasiri. Ukurasa mmoja wa kijitabu hicho ulieleza kwamba malkia kijana, siku chache baada ya kutoka katika kijumba chake, hufanya "safari ya ndoa". Kwamba huolewa angani na nyuki dume. Na kwamba mara tu baada ya ndoa hiyo dume hufa. Mzee akasema, "Wanangu, maneno haya nimeyasoma mara tatu. Ikiwa ameolewa, na mume amekufa, huyu malkia wenu eda anakaa lini?"

Waliokuwapo walicheka, nasi tukacheka pamoja nao. Kicheko kilituishia pale kijana mmoja wa kikundi kile kile alipotueleza yaliyomkuta. Alikuwa na mizinga miwili, mmoja wa nyuki wapole na mwingine wa nyuki wakali mno. Kwa kuwa alisoma kwamba malkia ndiye mtawala na kwamba huolewa mara moja tu, alifikiri kama mtu yeyote mwenye akili ambavyo angefikiri: alimwua malkia wa mzinga mkali, akauweka humo mche wa malkia uliotoka katika mzinga mpole, akangoja. Malkia mpya alizaliwa, akatoka, akarudi, akaanza kutaga. Baada ya miezi miwili hivi, nyuki wa zamani walipokwisha kufa na wapya kushika mahali pao, mzinga ulikuwa mkali vile vile, na mbuzi wa jirani aliyefungwa karibu na ua aliumwa hadi akafa. Jirani alidai fidia. Kijana aliilipa, kisha akakihifadhi kijitabu chetu mahali ambapo hakuna mtu atakayekiona tena.

Kijana yule hakukosea katika kusoma. Tulikosea sisi katika kuandika. Neno "ndoa" lilimwambia kwamba mume ni mmoja, na neno "malkia" lilimwambia kwamba amri yote ya mzinga imo mikononi mwa huyo mmoja. Yote mawili si kweli. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi maneno hayo yalivyotufikia, jambo lenyewe lilivyogunduliwa, na kwa nini tumeona yafaa kuyabadili baadhi yake.

Neno ndoa halikutoka kichwani mwetu. Wajerumani huita ruka hiyo ya malkia kwa jina la harusi, na Waingereza nao wana neno lao la asili ya Kilatini lenye maana hiyo hiyo. Mfasiri mwenye haraka hulichukua neno kama alivyolikuta. Lakini ndoa kwa Mswahili ina mahari, ina mawalii na mashahidi, na ikivunjika kwa kifo ina eda ya miezi minne na siku kumi. Mzee wa Toangoma hakufanya mzaha. Alilipima neno kwa mizani ya lugha yake, akaliona limepungua.

Habari ya "malkia" ni ndefu zaidi. Wayunani wa kale, Aristoteli akiwa mmoja wao, walimwita nyuki huyo mkubwa kiongozi au mfalme, ingawa walikuwako hata zamani hizo waliosema kuwa ni mama. Waarabu nao walimwita yaasubu, jina la kiume, ambalo baadaye likatumika kuwa sifa ya kiongozi wa watu. Wafugaji wa Kijerumani kwa muda mrefu walimwita kwa neno la kiume lenye maana ya mwonyesha njia, na neno hilo lingali hai vinywani mwao. Mwaka 1586 Mhispania Luis Méndez de Torres aliandika kwamba nyuki huyo ni jike na ndiye atagaye mayai. Mwaka 1609 kasisi wa Kiingereza Charles Butler alitoa kitabu ambacho jina lake lenyewe lilitangaza kuwa dola ya nyuki ni dola ya mwanamke. Mholanzi Jan Swammerdam, aliyefariki mwaka 1680, alimpasua chini ya hadubini akaziona kokwa za mayai kwa macho yake, ingawa kazi yake haikuchapishwa mpaka karne iliyofuata.

Mabishano hayo yote ya mfalme au malkia yalizuka kwa sababu lugha zile haziwezi kumtaja mnyama pasipo kumpa jinsia. Kiswahili hakina shida hiyo. Nyuki ni nyuki, a- na wa-, awe jike awe dume. Tungeweza kukaa kando ya ugomvi ule tangu mwanzo hadi mwisho. Tena wako watu miongoni mwetu wasemao mama wa nyuki, jina ambalo halidai utawala wowote, bali lasema lile ambalo mnyama huyu hulifanya kweli, yaani kuzaa. Neno malkia, lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa katika Kiswahili tangu zamani. Bali katika enzi ya ukoloni lilizoeleka zaidi kwa Malkia wa Uingereza, na lilipohamishiwa mzingani lilikwenda na kiti chake cha enzi. Ukweli ni kwamba mama wa nyuki hatoi amri. Nyuki wafanyakazi ndio humlisha, ndio huamua lini alelewe mwingine, na wakimwona amechoka humwondoa. Ni malkia wa ajabu huyo ambaye raia humwua kwa kuwa hatagi vya kutosha.

Hapa yafaa tuseme pia neno moja juu ya "kufuga". Mababu zetu hawakufuga nyuki kwa maana tunayoitumia kwa mbuzi na ng'ombe, walirina asali. Walichonga mzinga wa gogo, wakautundika mtini, wakangoja kundi liingie lenyewe, na wakati ulipofika wakapanda na moshi. Kitenzi chao, kurina, kilitaja kazi yao bila kujidai. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianzisha kitengo cha kushughulikia nyuki, hasa kwa ajili ya nta iliyosafirishwa ng'ambo, na tangu hapo mrina asali akaanza kuitwa mfugaji. Sera ya Taifa ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 1998 na Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002 zimelithibitisha jina hilo, nasi hatuna nia ya kulipinga. Lakini msomaji akumbuke kwamba mfugaji wa ng'ombe huchagua fahali. Mfugaji wa nyuki hachagui. Ndilo jambo ambalo kijitabu chetu kililificha.

Kwa miaka mingi hata wataalamu hawakujua ni wapi na ni namna gani mama wa nyuki hupandwa. Wengine walidhani kwamba harufu tu ya madume yatosha kumpa uzazi. Wa kwanza kueleza kwamba jambo hili hutendeka nje ya mzinga, angani, alikuwa Anton Janscha, Mslovenia aliyefundisha ufugaji nyuki mjini Vienna, katika maandishi yake ya mwaka 1771. Baada yake alikuja François Huber wa Geneva, aliyekuwa kipofu, akafanya uchunguzi kwa macho na mikono ya mtumishi wake François Burnens, na kutoa kitabu mwaka 1792. Burnens alikaa mbele ya mzinga, akamwona malkia akitoka, akahesabu dakika, akamwona akirudi na kitu cheupe kimening'inia mkiani mwake. Kitu hicho ndicho ushahidi uliokuwa umetafutwa. Huber hakutosheka; alijaribu kuchukua mbegu za dume kwa brashi ndogo na kumwingizia malkia. Hakufaulu, na sababu ya kutofaulu kwake haikujulikana mpaka karne na nusu zilipopita, nasi tutaifikia.

Mwaka 1845 kasisi mwingine, Johann Dzierzon wa Silesia, aliongeza jambo ambalo wengi walikataa kuliamini: kwamba nyuki dume huzaliwa kutoka yai ambalo halikurutubishwa. Mama akitaga yai na kuliachilia mbegu, huzaliwa jike. Akilitaga bila mbegu, huzaliwa dume. Basi dume hana baba. Babu anaye, upande wa mama, maana mama yake alikuwa na baba. Lakini baba hana, wala hawezi kuzaa mwana wa kiume. Kwa watu wanaojua kuhesabu ukoo kama Waswahili, hiki ni kitendawili kizuri, nasi tumekitumia mara nyingi kuwaamsha wanafunzi wanaosinzia baada ya chakula cha mchana.

Sasa tueleze jambo lenyewe kama linavyojulikana leo. Mama kijana hukaa mzingani kiasi cha juma moja baada ya kuzaliwa. Kisha, mchana wa jua na upepo mdogo, hutoka. Hatafuti dume wa mzinga wake. Hurukia mahali ambapo madume wa mizinga mingi, ya watu na ya porini, hukusanyika kila siku, wakizunguka hewani kwa urefu wa mita 10 hadi 40 kutoka ardhini. Mahali hapo hapabadiliki. Madume wa mwaka huu watarudi pale pale walipokuwa madume wa mwaka jana, nao wa mwaka jana wote wamekwisha kufa na hakuna aliyebaki wa kuwaonyesha wenzake njia. Ndugu wawili wa Austria, Friedrich na Hans Ruttner, waliyachunguza makutano hayo kwa miaka mingi katika karne ya 20. Akiingia humo mama kijana, harufu inayotoka kichwani mwake huwavuta madume wakamfuata kama mkia wa kimondo. Wa mbele humkamata, humpanda kwa muda mfupi mno, kiungo chake hukatika na kubaki ndani ya jike, naye huanguka amekwisha kufa. Anayefuata hukiondoa kilichobaki, hupanda, huanguka. Kile alichokiona Burnens kilikuwa ni mabaki ya wa mwisho.

Iliaminika kwa muda mrefu kwamba dume ni mmoja. Mwaka 1944 Mmarekani William Roberts alionyesha, kwa kuhesabu safari za malkia na kuwachunguza watoto wao, kwamba wengi hupandwa zaidi ya mara moja. Leo yajulikana kwamba madume huwa 10 hadi 20, na wastani wake hukaribia 12. Mbegu za wote hao huchanganyika, na kiasi cha milioni 5 au 6 huhifadhiwa katika kifuko kidogo kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama. Akisha kuanza kutaga, mama hatatoka tena kupandwa maisha yake yote. Kwa miaka miwili, mitatu, au zaidi, atakuwa akizitoa mbegu hizo kidogo kidogo, yai kwa yai.

Jambo hilo la kifuko lina uzito mkubwa kwa istilahi kuliko jingine lolote. Kwa ng'ombe, kupandwa na kutunga mimba hufuatana kwa saa chache, na mtu akiyachanganya maneno hayo mawili hadhuriki sana. Kwa nyuki, kupandwa hutendeka katika juma moja la ujana, na kurutubisha hutendeka kila siku kwa miaka. Aliyemwua malkia wake mkali na kuweka binti wa mpole alibadili mama. Lakini baba kumi na kadhaa walitoka kwenye makutano yale yale ya madume, kutoka mizinga ya majirani na mashimo ya miembe. Kila kundi la watoto katika mzinga wake lilikuwa na baba lake. Kijitabu chetu kingesema "hupandwa na madume wengi asiowachagua mfugaji", mbuzi yule pengine angali hai.

Mfano mkubwa wa jambo hili wahusu nchi yetu moja kwa moja. Mwaka 1956 mtaalamu wa elimu ya urithi wa Brazil, Warwick Kerr, alikusanya malkia wa Kiafrika ili awachanganye na nyuki wa asili ya Ulaya waliokuwa Brazil, ambao hawakustahimili vyema hali ya joto. Waliofika salama wakatumika walikuwa karibu wote wa Afrika Kusini. Kutoka Tabora alikuwamo mmoja. Waliwekwa karibu na Rio Claro, katika jimbo la São Paulo, wakiwa wamewekewa vizuizi milangoni ili malkia wasiweze kutoka. Mwaka 1957 mtu aliviondoa vizuizi hivyo, na makundi 26 yakahama. Tangu siku hiyo haikuwezekana kuyarudisha. Makundi yaliendelea kugawanyika, na madume wao wakaenda kwenye makutano, wakawapanda malkia wa wafugaji wa kawaida, na watoto wakatoka na tabia ya Kiafrika. Mwezi Oktoba mwaka 1990 nyuki hao walifika Hidalgo, Texas, nchini Marekani. Magazeti ya huko yaliwabandika jina la nyuki wauaji, na baadhi ya waandishi wetu wakalifasiri neno kwa neno bila kukumbuka kwamba wanamtaja nyuki ambaye babu zao walimrina asali. Kerr mwenyewe alifariki mwaka 2018, baada ya kufanya kazi nyingi nyingine za maana. Lakini jina lake halikupata kuachana na makundi yale 26.

Uzio wa seng'enge humzuia fahali. Hakuna uzio unaomzuia dume wa nyuki. Ndiyo maana wataalamu walitafuta njia ya kumpandisha malkia mikononi mwao. Mwaka 1926 Lloyd Watson, akiwa katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alifaulu kwa sindano ndogo chini ya hadubini, bali kwa matokeo ya kubahatisha. Mwaka 1944 Harry Laidlaw alieleza kikwazo kilichomshinda Huber: ndani ya njia ya uzazi ya malkia mna mkunjo wa nyama unaofunga kama kilango, na usipoinuliwa mbegu hazipiti. Baadaye ilionekana pia kwamba hewa ya ukaa, itumikayo kumlaza malkia wakati wa kazi, humfanya aanze kutaga upesi kana kwamba ametoka safarini. Hivi leo malkia hutiwa katika kijibomba chembamba, hulazwa kwa hewa hiyo, vikulabu viwili humfungua, na sindano yenye ncha ya kioo humwingizia mikrolita 8 hadi 10 za mbegu. Kiasi hicho ni chini ya tone moja la maji. Lakini dume mmoja hutoa mikrolita moja tu hivi. Kwa hiyo hata mtu akitaka kumpa malkia mume mmoja kama katika ndoa yetu ya kijitabuni, dume mmoja hatoshi kukijaza kifuko, na hapana budi kukusanya madume wanane au zaidi.

Kazi hii tuiiteje kwa Kiswahili? Wafugaji wa ng'ombe husema kupandisha kwa chupa, na kila mtu huwaelewa. Wataalamu wa mifugo hapa nchini wamekubali uhimilishaji, na kule Usa River, Arusha, kipo Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji kinachotayarisha mbegu za madume wa ng'ombe. Tulipoanza kulifikiria neno hili kwa nyuki, baadhi yetu tulilipinga. Himila ni mimba, tulisema, na nyuki hana mimba, hutaga. Tukapendekeza utiaji mbegu, upachikaji mbegu, na mengine ambayo hatuna haja ya kuyataja kwa sababu hayakuishi hata juma moja.

Aliyetushinda katika hoja hiyo alikuwa mwenzetu mmoja mwenye kukijua Kiarabu, naye alitushinda kwa neno la bandarini. Alituuliza hamali ni nani. Tukasema ni mchukuzi wa mizigo. Akasema shina ni moja: hamali huchukua mzigo, mwenye himila huchukua mtoto, na mwenye kuhimili huchukua uzito bila kuanguka. Maana ya asili ni kuchukua. Ng'ombe aliyehimilishwa huchukua ndama kwa miezi tisa. Mama wa nyuki huzichukua mbegu zenyewe, mamilioni yake, kwa miaka. Ikiwa yuko mnyama ambaye neno hili lilimngoja, ni huyu. Tulinyamaza, kisha tukaandika uhimilishaji wa nyuki, na tangu hapo hatujaona sababu ya kugeuka.

Lipo jambo moja la kuangaliwa. Baadhi ya waandishi huongeza neno "bandia" wakasema uhimilishaji bandia. Sisi hatukubaliani nao. Bandia katika Kiswahili ni kitu cha uongo: fedha bandia, mtoto wa bandia wa kuchezea. Katika kazi hii mbegu ni za kweli, malkia ni wa kweli, na watoto ni wa kweli. Kilichobadilika ni chombo. Hata wafugaji wa nyuki wa nchi za Magharibi wameelekea kuliacha neno lao la zamani lenye maana ya kutengenezwa na binadamu, wakapendelea kutaja chombo. Uhimilishaji kwa chombo watosha, na pale ambapo hapana hatari ya kuchanganya, uhimilishaji peke yake.

Wala isifikiriwe kwamba tunamhimiza mfugaji wa Mbagala au Bunju akanunue hadubini. Nyuki wa ukanda wetu ni wa aina yao. Mtaalamu F. G. Smith, aliyefanya kazi Tanganyika, aliwaeleza mwaka 1961 kwa jina la Apis mellifera litorea, yaani nyuki wa pwani, mbali na yule wa nyanda za juu na yule wa milima mirefu. Nyuki huyu ameizoea mikoko ya Kunduchi na Mbweni, minazi na mikorosho ya Kigamboni, ambayo ilikuwa sehemu ya Temeke kabla ya kupewa wilaya yake, na misitu ya Pande na Pugu. Madume wa misitu hiyo wangali wengi kuliko madume wa mizinga yetu yote. Mwenye kutaka upole na ashirikiane na majirani: wote wazalishe malkia kutoka makundi mapole, wote wapunguze majana wa madume katika makundi makali, na wavumilie miaka. Hadi hapo, aiweke mizinga mbali na njia za watu, nyuma ya ua mrefu utakaowalazimisha nyuki kuruka juu ya vichwa. Siku hizi ambapo mashamba ya Mabwepande na Chamazi yanakatwa viwanja mwaka hata mwaka, ua huo una kazi kuliko sindano.

Tulipokuwa tukiusahihisha ukurasa wa kijitabu, tuliurudisha kwa wenyewe wautazame. Huko tulipata maneno mawili ambayo hatukuyatarajia. Tulihitaji jina la malkia ambaye bado hajapandwa. Tulikuwa tumeandika malkia bikira, kama wasemavyo Wazungu. Mama mmoja wa Mabwepande, ambaye kwa wakati wake alikwisha kuwa kungwi wa wasichana wengi wa Kizaramo, akauliza kwa nini hatusemi mwali. "Si yumo ndani?" akasema. "Halishwi na wengine? Hangojewi atoke?" Kweli, mwali hukaa ndani, hulishwa, hufundwa, na siku ya kutoka hutoka jua likiwaka. Kufanana kwao hakukamiliki, maana mwali wa Kizaramo hutolewa kwa ngoma mbele ya watu wote, na yule wa nyuki hutoka peke yake na hakuna amfundaye. Lakini neno limo midomoni mwa watu, halina kitu cha kigeni, na lina ndani yake muda wa kungoja ambao bikira hana. Tumeliandika: malkia mwali.

Neno la pili lilitoka kwa vijana wa Mbagala. Yale makutano ya madume tulikuwa tumeyaita uwanja wa madume. Tulipoeleza kwamba madume hukusanyika pale pale kila siku, hawana kazi nyingine, na hungoja apite jike, vijana wakaangua kicheko wakasema, "Basi hicho ni kijiwe." Katika kikao chetu jambo hili lilijadiliwa kwa uzito wote unaostahili. Walioona kwamba neno la mtaani haliwezi kuingia kitabuni walishinda kwa kura, na uwanja wa madume ndio uliobaki. Mwandishi wa makala haya alikuwa upande wa walioshindwa, naye ameruhusiwa kusema hivyo. Katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha, ambapo neno kupe lilikwisha kupata maana ya mnyonyaji, haikuwa vigumu kumwona dume wa nyuki kuwa kupe wa mzinga, mlaji asiyechuma. Kumbe kukaa kwake kijiweni ndiko kazi yake, na mshahara wake ni kufa.

Ukurasa mpya sasa wasema hivi, kwa muhtasari: malkia mwali hutoka mzingani, huenda kwenye uwanja wa madume, hupandwa na madume wengi wa mizinga mingi, hurudi na alama ya kupandwa, na huzihifadhi mbegu zao katika kifuko cha mbegu kwa maisha yake yote. Safari yenyewe huitwa safari ya kupandwa. Neno ndoa halimo. Malkia tumemwacha na jina lake kwa sababu limo katika masomo ya chuoni na mazoea ya wengi, lakini chini yake tumeandika kwamba ndiye mama wa nyuki wala hatawali.

Tuliupeleka Toangoma siku ya Jumamosi. Mzee aliusoma polepole, kidole chake kikifuata mistari, akafika mwisho, akarudi katikati mahali tulipoeleza habari ya yai lisilorutubishwa.

"Eda imekwisha," akasema. "Hilo nimeridhika. Sasa huyu dume asiye na baba, ubini wake ni nani?"

Hilo bado hatujalipatia istilahi.